Jinsi ya Kufika kwa Yoti katika Bandari ya Jamestown, Kisiwa cha St. Helena

Mwongozo huu ni kwa nahodha na mabaharia wa yoti ndogo ya matanga wanaotoka kusini mwa Afrika kuelekea Brazili, Karibi au Ulaya, wakiwemo wale walioanzia Mombasa, Tanga au Zanzibar, wakateremka Mlango wa Msumbiji na kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema. Kwa wote hao, St. Helena ndiyo bandari ya kwanza katikati ya Bahari ya Atlantiki ya Kusini. Kisiwa hiki ni eneo la ng'ambo la Uingereza, kipo takriban latitudo 15°55′ kusini na longitudo 5°43′ magharibi, kina ukubwa wa kilomita za mraba 122 na wakazi wapatao 4,400. Mji wake mkuu, Jamestown, umejibana ndani ya bonde jembamba kati ya miamba miwili mirefu, na mbele yake iko Ghuba ya James, ambako vyombo vya wageni hufungwa.

Kabla ya jambo lolote, msomaji aielewe hali ya bandari yenyewe. Ghuba ya James ipo upande wa kaskazini-magharibi, yaani demani ya kisiwa, kwa hiyo milima huikinga na upepo. Lakini kwa bahari iko wazi kabisa. Hakuna gati ambapo yoti inaweza kulala ubavuni, wala hakuna ukuta wa mawe wa kuvunja mawimbi mbele ya mji. Chombo hukaa kwenye boya, na watu hushukia kwenye ngazi za mawe ambazo bahari huzipanda na kuziacha mchana na usiku. Mipango yote ya safari, tangu kuchagua mwezi wa kuondoka hadi kuchagua viatu, inategemea hali hiyo moja.

Hatua ya 1: Chagua majira ya safari

Upepo unaotawala hapa unatoka kusini-mashariki. Ni ndugu wa kusi ya pwani yetu, ila huu haumpishi kaskazi katika zamu ya mwaka; huvuma miezi yote kumi na miwili, mara nyingi kwa kasi ya kati ya noti (yaani maili za baharini kwa saa) 12 na 20, na eneo hili halina vimbunga kama vile vinavyoisumbua Bahari ya Hindi karibu na Madagaska. Kwa upande wa upepo, basi, mwezi wowote unafaa.

Mawimbi ni habari nyingine. Kati ya Desemba na Machi, dhoruba za majira ya baridi katika Atlantiki ya Kaskazini huzalisha mawimbi mapana na marefu ambayo husafiri maelfu ya kilomita bila upepo wa kuyasukuma, yakavuka ikweta na kufika Ghuba ya James yakitokea upande ule ule usio na kinga. Hali ya hewa inaweza kuwa tulivu, anga safi na upepo mdogo, na bado bahari ikawa inapasuka juu ya gati la mji. Mwezi Februari 1846 mawimbi ya namna hiyo yaliangamiza vyombo 13 vilivyokuwa vimetia nanga katika ghuba hii. Nahodha anayefika katika miezi hiyo asihesabu siku zake kwa kidole. Siku mbili au tatu zinaweza kupita huduma ya kushusha watu ikiwa imesimamishwa.

Kwa upande wa Cape Town mambo ni kinyume, kwa sababu Januari hadi Machi ndio wakati mwema wa kuondoka, na kuanzia Mei dhoruba za baridi za kule huanza kuja kwa mfululizo. Kwa maoni yangu, anayeweza kuchagua na aondoke Cape Town katika nusu ya kwanza ya Machi: atakuwa bado ana hali nzuri ya kuanzia, na atafika kisiwani wakati mawimbi ya kaskazini yanapoanza kupungua. Anayependa kuogelea na papa potwe atalazimika kuja mapema zaidi na kuivumilia bahari, maana samaki hao wakubwa huonekana kwa wingi katika miezi ya mwanzo wa mwaka.

Hatua ya 2: Andaa hati kabla ya kuiacha bara

Usiiache kazi hii hadi wiki ya mwisho. Andika barua pepe kwa idara ya uhamiaji ya St. Helena ukitaja jina la yoti, bendera yake, idadi ya watu, uraia wa kila mmoja na tarehe unayokisia kufika, kisha uulize kama yupo anayehitaji viza. Hili ni la muhimu hasa kwa chombo chenye mabaharia wa mataifa tofauti, kwani masharti ya mwenye pasi ya Kenya au Tanzania hayalazimiki kuwa sawa na ya mwenye pasi ya Uingereza, hata wakiwa wamelala chumba kimoja. Chapisha majibu utakayopewa na uyatie ndani ya faili pamoja na hati zifuatazo: pasi zote, cheti cha usajili wa chombo, cheti cha bima ya chombo, orodha ya mabaharia katika nakala tano au sita, na hati ya kuondokea bandari ya mwisho, ambayo forodha ya kisiwani itaiomba mara moja.

Kila mgeni anatakiwa awe na bima ya afya inayolipia pia kuhamishwa kwa dharura kupelekwa nje ya kisiwa. Sharti hili lina sababu iliyo wazi: hospitali ipo moja, ni ndogo, na mgonjwa mahututi hupelekwa Afrika Kusini kwa ndege. Soma mkataba wa bima kwa makini kabla ya kuununua, kwa sababu mikataba mingine ya wasafiri huwatenga watu wanaosafiri baharini kwa chombo cha binafsi, na hilo mtu hugundua wakati amekwisha kulipa.

Kisiwa kinalinda mimea na wadudu wake kwa ukali unaostahili. Usipeleke nchi kavu tunda, mboga, mbegu, udongo wala nyama mbichi. Asali na kila kitu kilichotokana na nyuki, pamoja na nta, kimekatazwa, kwa kuwa nyuki wa St. Helena ni miongoni mwa wachache duniani ambao bado hawajafikiwa na utitiri wa varroa unaoua mizinga. Kama umenunua asali ya Tabora kwa ajili ya safari, imalize njiani au uitoe zawadi Cape Town. Mwenye mbwa au paka chomboni na aombe ruhusa mapema, na ajue kwamba mnyama huyo huenda asikanyage nchi kavu kabisa.

Kuhusu fedha, kisiwa kina pauni yake, yenye thamani sawa na pauni ya Uingereza, na pauni ya Uingereza hupokelewa kila duka. Benki ipo moja tu, Benki ya St. Helena, na si jambo la busara kufika ukitegemea kadi peke yake. Beba pauni taslimu za kutosha ada za bandari, nauli za boti ya kushusha watu na matumizi ya wiki mbili. Siku ya kuondoka hakikisha hubaki na noti za kisiwa, kwa sababu mbali na Ascension hutapata mahali pa kuzitumia.

Hatua ya 3: Panga safari ya baharini

Kutoka Cape Town ni maili za baharini zipatazo 1,700. Kutoka Walvis Bay, Namibia, ni kama 1,220. Yoti ya meta 11 au 12 inayotembea maili 130 kwa siku itachukua siku kumi na tatu kwa njia ya kwanza na siku tisa au kumi kwa ya pili. Weka chakula cha siku ishirini na tano na maji ya kutosha muda huo huo, bila kuhesabu yatakayotokana na mtambo wa kuchuja chumvi, kwa maana mtambo huharibika na mvua katika njia hii ni haba.

Siku tatu za mwanzo ndizo ngumu. Mkondo wa Benguela ni wa baridi, ukungu hushuka ghafla, na meli kubwa zinazozunguka rasi hupita kwa wingi, kwa hiyo zamu za usiku zisilegezwe na kifaa cha AIS, kinachovitambulisha vyombo kwa redio na kuonyesha vilipo, kiwe kinafanya kazi. Upepo wa kusini-mashariki wa Cape Town unaweza kuanza kwa noti 15 ukafika 35 kabla ya jua kuzama. Ondoka ukiwa umekwisha kupunguza tanga kuu, na usione haya kama yoti ya jirani imetoka na matanga yote. Elekea kaskazini-magharibi mpaka bahari ianze kuwa na joto. Kuanzia hapo utaingia katika upepo wa kudumu unaotoka nyuma ya bega, na kazi kubwa itakuwa kuzuia kamba na matanga visisuguane hadi vikatike, kwani chombo kinayumba vile vile kwa siku kumi mfululizo. Kila asubuhi zungukia chombo, ukague kila mahali ambapo kamba inapinda, na uisogeze kidogo ili isiliwe pale pale.

Hatua ya 4: Kikaribie kisiwa mchana

Kisiwa ni kirefu, kilele chake cha Diana kikiwa na meta zaidi ya 800, na siku ya anga safi huonekana kutoka mbali sana. Lakini mara nyingi wingu hukaa juu ya milima na kuificha, hivyo usishangae kuona ukuta mweusi wa miamba ukitokea ghafla ukiwa umebakiza maili kumi tu. Anayetoka Cape Town hukifikia upande wa mashariki, ambako uwanja wa ndege upo kwenye uwanda wa juu wa Prosperous Bay, kisha hupita chini ya jabali kubwa liitwalo The Barn, akizunguka ncha ya kaskazini ya Sugar Loaf. Baada ya ncha hiyo ataiona Ghuba ya Rupert yenye gati jipya la meli za mizigo, na mara baada yake Ghuba ya James na mji wake.

Ita Redio ya St. Helena kwa VHF chaneli 16 unapokuwa bado maili ishirini au zaidi. Taja jina la chombo, idadi ya watu, bandari uliyotoka na saa unayokisia kufika. Utaelekezwa chaneli ya kuzungumza na udhibiti wa bandari na kupewa maagizo. Saa ya kisiwa ni ya Greenwich mwaka mzima, yaani saa tatu nyuma ya Afrika Mashariki, na inafaa saa ya chombo ibadilishwe kabla ya mazungumzo hayo, ili ukiambiwa saa mbili asubuhi usije ukafika wakati ofisi zimefungwa.

Ukikikuta kisiwa usiku, usiingie. Punguza matanga, kaa maili kadhaa nje upande wa demani ambako bahari ni tulivu, na usubiri kupambazuke. Ghuba ina maboya mengi yasiyo na taa, boti za wavuvi, na mabaki ya meli Papanui iliyoungua na kuzama mwaka 1911 karibu kabisa na mji. Kipande cha chuma cha usukani wake bado kinatokeza juu ya maji. Mtu aliyekwisha kuvumilia wiki mbili baharini anaweza kuvumilia saa nane nyingine, ingawa najua vizuri jinsi taa za mji zinavyomvuta baharia aliyechoka.

Jihadhari pia na pepo za bondeni. Upepo unaoonekana kufa ukiwa chini ya miamba hurudi kwa kishindo mbele ya kila bonde, ukiteremka kutoka nchi kavu, na hubadilika tena baada ya dakika moja. Shusha tanga la mbele lote kabla ya kufika Rupert, washa injini mapema na ijaribu kwenda mbele na nyuma, kwa sababu haijafanya kazi kwa siku nyingi.

Hatua ya 5: Funga kwenye boya

Kutia nanga katika Ghuba ya James hakuna faida kwa mgeni: maji huwa na kina kirefu karibu na ufuo, sakafu ni ya mawe, na nanga iliyonasa huko ni hasara. Serikali ya kisiwa imeweka maboya ya wageni, ya njano kwa yoti za kawaida na mekundu kwa vyombo vizito zaidi. Usijichagulie boya kwa kuona tu kwamba liko tupu. Uliza kwa redio, taja uzito wa chombo chako, na ulifuate utakaloelekezwa.

Andaa kamba mbili nene, kila moja urefu wa mara moja na nusu ya yoti, zote zikiwa zimefungwa omo na kupitishwa nje ya kila kizuizi kabla hujalikaribia boya. Baharia mmoja akae omo na pondo yenye kulabu. Mwingine awe tayari kumpa kamba. Sogea polepole ukiuelekea upepo unaotoka bondeni, na ujue kwamba chombo kitainuliwa na mawimbi yanayotoka upande mwingine, kwa hiyo usimruhusu mtu alale kifudifudi na kuning'iniza mikono yake kati ya omo na boya la chuma. Pitisha kamba ya kwanza katika pete ya boya na uirudishe chomboni, tulia, kisha fanya hivyo hivyo na ya pili upande wa pili. Mahali zinapogusa ukingo wa chombo zivalishe kipande cha mpira wa bomba au turubai lililokunjwa. Usiku wa kwanza utasikia chombo kikilala ubavu hadi ubavu kama mtoto anayebembelezwa na mtu mwenye haraka. Funga kila sahani na kila sufuria, kwa maana hali hiyo haikomi mpaka siku utakapoondoka.

Hatua ya 6: Kamilisha taratibu za serikali

Pandisha bendera ya njano ya karantini ukiwa bado njiani kuingia, na mtu yeyote asishuke wala kupokea mgeni chomboni kabla ya kuruhusiwa. Maofisa wa forodha, afya na bandari hupanga kwa redio ama kuja chomboni au kukutana na nahodha nchi kavu, na baada yao huja zamu ya uhamiaji, ambako kila mmoja hupeleka pasi yake na cheti cha bima ya afya na kulipia ada ya kuingia. Utalipia pia ada za bandari na za boya. Watu hawa ni wapole, hawana haraka, na wanawapenda mabaharia. Wasalimie kabla ya kuanza kutoa makaratasi, uliza hali zao, na kazi itakwenda kwa wepesi. Anayefika Jumamosi au Jumapili na awe tayari kulipia kazi ya nje ya saa za ofisi, au asubiri chomboni hadi Jumatatu.

Hatua ya 7: Jifunze kushuka kwenye ngazi

Hapa naomba msomaji asome taratibu, kwa sababu ndipo wageni wengi wanapoumia. Boti ndogo yenye injini, inayoitwa feri, huwachukua watu kutoka yoti zao na kuwapeleka kwenye ngazi za gati kwa saa zilizopangwa, kwa nauli ndogo. Itumie. Kihori chako cha mpira kinaweza kukufikisha, lakini hakuna mahali pa kukiacha: kikifungwa chini ya ngazi kitapondwa, na kukibeba hadi juu kunahitaji watu wanne wenye nguvu na bahari tulivu.

Juu ya ngazi kuna kamba nene zinazoning'inia kutoka kwenye boriti, mahsusi kwa ajili ya kushikwa. Feri hurudi nyuma polepole hadi karibu na ngazi, kisha huinuliwa na wimbi mpaka sakafu yake iwe sawa na kidato, ikakaa hapo kwa muda wa pumzi moja, halafu ikashuka meta nzima au zaidi. Simama ukiwa tayari, mikono mitupu, mzigo ukiwa mgongoni. Wimbi linapopanda, shika kamba; boti inapofika juu kabisa, piga hatua moja ndefu na mguu ulio karibu na ngazi, kisha panda vidato viwili zaidi bila kusimama, ili wimbi linalofuata lisikukute. Kamwe usipige hatua boti ikiwa inashuka, hata kama mwenye feri anakunyooshea mkono, na usibaki na mguu mmoja huku na mwingine kule. Mimi mara ya kwanza niliishika kamba vizuri nikasahau kupanda, nikasimama kwenye kidato cha chini nikimsubiri mwenzangu. Wimbi lilinifika kiunoni na kunisukuma, na goti langu lilikuwa na kidonda kwa wiki mbili.

Vaa viatu vya mpira vyenye nyayo zisizoteleza, kwa kuwa vidato vya chini vina mwani. Watoto na wazee wavae jaketi okozi hadi wafike juu ya gati, na atangulie mtu mzima mwenye nguvu wa kuwapokea. Kompyuta, kamera na pasi ziwe ndani ya mfuko usiopitisha maji. Kabla ya kumwacha mwenye feri, muulize saa ya safari ya mwisho ya jioni na uisikilize redio kabla ya kurudi. Kama mawimbi yamekuwa makubwa, utalala nchi kavu, kwa hiyo kila anayeshuka awe na nguo ya kubadilisha na dawa zake. Katika miezi ya mawimbi, mtu mmoja na abaki chomboni kila wakati.

Hatua ya 8: Jaza mahitaji

Dizeli na maji huchukuliwa kwa madumu, yakapitishwa kwenye feri, na kazi hiyo huchosha kuliko unavyodhani. Pata madumu ya lita 20, si makubwa zaidi, kwani dumu la lita 25 kwenye ngazi zile halibebeki kwa usalama. Kwa kuwa vyakula vingi huletwa na meli ya mizigo kutoka Cape Town, rafu za maduka hujaa meli inapofika na hupungua siku zinavyopita. Ukiona viazi, mayai au vitunguu, nunua siku hiyo hiyo. Samaki jodari wa hapa ni wazuri sana. Gesi ya kupikia na vipuri vya injini vije na wewe kutoka bara, na anayebadilisha mabaharia atumie ndege ya Johannesburg, iliyoanza safari za abiria mwaka 2017. Intaneti ilikuwa ghali na ya polepole mno zamani. Tangu waya wa chini ya bahari uanze kufanya kazi mwaka 2023, mtu anaweza kupata utabiri wa mawimbi na upepo bila shida akiwa mjini.

Hatua ya 9: Tenga siku za kukizunguka kisiwa

Wengi hupanda ngazi ya Jacob yenye vidato 699 inayotoka mjini hadi ukingo wa bonde, hutembelea Longwood alikofungwa Napoleon kuanzia 1815 hadi alipofariki 1821, na humtazama kobe Jonathan, aliyeletwa kutoka Shelisheli mwaka 1882 akiwa amekwisha kuwa mzee kiasi, na ambaye ni jamaa ya kobe wakubwa wa Changuu, Zanzibar. Kodi gari au panda la pamoja, maana barabara zinapanda kwa ukali.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna mambo mawili ambayo vitabu vya mabaharia huyapita haraka. La kwanza ni la Sayyid Khalid bin Barghash, yule aliyekalia kiti cha Zanzibar bila ridhaa ya Waingereza na kupigwa mizinga tarehe 27 Agosti 1896. Alikimbilia ubalozi wa Wajerumani, akaishi Dar es Salaam hadi Waingereza walipoiteka mwaka 1916, kisha akaletwa St. Helena mwaka 1917 na kukaa hapa hadi 1921. Alifia Mombasa mwaka 1927. Aliyatazama mawimbi haya haya kwa miaka minne, mbali na minazi ya kwao.

La pili ni Bonde la Rupert, dakika chache tu kutoka mjini. Kuanzia mwaka 1840 manowari za Uingereza zilizokuwa zikizikamata meli za watumwa ziliwashusha katika kisiwa hiki Waafrika zaidi ya 25,000, wengi wakiwa wagonjwa na wamedhoofika, na maelfu yao walizikwa bondeni humo. Barabara ya uwanja wa ndege ilipoanza kuandaliwa, mifupa ya watu wapatao 325 ilifukuliwa, ikazikwa upya mwaka 2022. Nenda kwa miguu asubuhi kabla ya jua kuwa kali, vua kofia, na usome dua unayoijua. Meli zao ziliingia katika ghuba zile zile ambazo yoti yako imezipita.

Hatua ya 10: Ondoka

Toa taarifa ya kuondoka kwa forodha na uhamiaji siku mbili kabla, na upate hati ya kuondokea siku za kazi, hata kama unakusudia kuachia boya Jumapili. Anayekwenda Ascension, maili 700 kaskazini-magharibi, lazima awe ameomba kibali cha kuingia huko mapema. Jambo hili lisisubiri ufike. Anayekwenda moja kwa moja Brazili ana maili zipatazo 1,740 hadi Fernando de Noronha au 1,900 na ushei hadi Salvador, na asubuhi ya kuondoka ahakikishe matangi yake ya maji yamejaa kabisa.

Ingia majini ukague usukani na rafadha, kwani baada ya wiki mbili kwenye boya huota vichaka vya mwani. Kilaze kihori sitahani na ukifunge kwa kamba mbili. Punguza tanga kuu ukiwa bado umefungwa, kwa kuwa kilele cha kisiwa kinakuficha upepo halisi, na maili tatu au nne nje utaukuta ukivuma kwa nguvu zake zote. Achia kamba moja, subiri chombo kielekee nje, achia ya pili, na baharia wa omo athibitishe kwa sauti kwamba kamba zote zimekwisha kuingia chomboni kabla injini haijawekwa gia. Ita Redio ya St. Helena mara ya mwisho, uwape saa yako ya kuondoka na bandari unayoiendea, kisha uzime injini pale upepo utakapokupokea.